Barabara za mitaa na kodi ya majengo: zirudi manispaa au zibaki zilipo?

Mkaazi wa Kata (mleta mada)
Wakuu, kwema? Juzi nilikaa kwenye viti vya wananchi kusikiliza baraza la madiwani la manispaa yetu. Taarifa za idara za robo mwaka zikasomwa. Usafi wakaeleza habari za gari la taka lililolala gereji. Biashara wakasifu makusanyo ya leseni kupitia mfumo wa TAUSI. Ardhi wakaahidi viwanja, kama kawaida yao. Afya wakasimulia choo cha soko mpaka meya akawakatiza.

Yakaja maswali. Diwani kauliza barabara ya mtaani kwake yenye makorongo itachongwa lini. Jibu: hiyo iko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Mwingine kauliza maji. Jibu: muone mamlaka ya maji. Wa tatu kataka kujua kodi ya majengo ya kata yake inakwenda wapi. Jibu: inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, sisi tunasubiri mgawo. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, kura yangu ilikuwa humo.

Hoja yangu: barabara za mitaa na kodi ya majengo zirudi manispaa. Anayekusanya, anayetumia na anayezomewa awe mtu mmoja. Mnasemaje?

Bodaboda Mstaarabu
Nimekaa siti ya mbele.

Mstaafu wa Halmashauri
Vijana mnasahau upesi. Kabla ya 2017 barabara hizo zilikuwa zetu. Fedha za Mfuko wa Barabara ziligawanywa, asilimia sabini kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, na thelathini kwa halmashauri zote za nchi, na hiyo thelathini ikifika kwetu inagombewa. Greda lilikuwa moja. Diwani mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na barabara nzuri, mpole alipewa ahadi. Mhandisi anapanga kitaalamu, kikao kinapangua kwa kura. Mimi nilikuwepo. TARURA haikuanzishwa kwa sababu mtu aliota usiku.

Binti Stendi
Shikamoo mzee. Nakubali greda lilikuwa likitembea na siasa. Lakini angalau nilijua mlango wa kugonga. Leo barabara ikibomoka mwenyekiti wa mtaa anakutuma kwa mtendaji wa kata, mtendaji anakutuma kwa diwani, diwani anasema ameshaandika barua. Na ninyi mliokuwa humo miaka yote, mtuambie pia zile fedha za greda mlikuwa mnazilaje.

Mstaafu wa Halmashauri
Binti, "mnazilaje" nani? Mimi nimestaafu na nyumba ambayo haijapigwa plasta hadi leo. Sikuwa mhasibu, sikuwa mhandisi, nilikuwa masijala. Kuna watu humu wanadhani kila aliyeshika faili alishika na bahasha. Heshima kidogo.

Binti Stendi
Mzee hakuna aliyekutaja wewe. Ila umejibu haraka sana.

Bodaboda Mstaarabu
😂😂 Nasogeza kiti.

Karani Mkuu
Turudi kwenye historia kidogo, maana mada imeanzia katikati. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, madaraka yakapelekwa mikoani. Miji ikaoza. Taka, mitaro, kipindupindu cha mwaka 1977 hadi 1978. Mabaraza ya miji yakarudishwa 1978, halafu 1982 zikatungwa sheria tunazozitumia mpaka leo. Kwa hiyo nchi hii ilishajaribu kuendesha miji bila manispaa, na ikarudi yenyewe.

Lakini tangu zirudi, zinapunguzwa kipande kwa kipande. Kodi ya maendeleo ikafutwa 2003, watu wakashangilia, nami nilishangilia. Zimamoto ilikuwa ya halmashauri, sheria ya 2007 ikaifanya jeshi la taifa. Kodi ya majengo ikaenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, ada za mabango zikafuata 2017, mwaka uleule barabara zikaenda TARURA. Kilichobaki zaidi ni leseni, ushuru wa soko, ushuru wa huduma ule wa asilimia ya mauzo, na faini za usafi. Ukiwa na vyanzo vya aina hiyo utafanya nini kama si kumkimbiza mama ntilie?

Mwenye Hati
Tatizo la mijadala hii ni moja. Wanaopiga kelele nyingi kuhusu mji ni wapangaji ambao hata kodi ya majengo hawailipi. Mwenye nyumba ndiye anayeubeba mji huu mabegani. Kodi ikirudi manispaa au ikienda mwezini, wanaopaswa kuulizwa ni sisi. Nimemaliza.

Mpangaji Mkongwe
Hujamaliza, ndiyo kwanza umeanza. Hailipi nani? Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na LUKU ya chumba ninachoishi nanunua mimi, sio wewe uliyekaa na hati kabatini. Naingiza umeme wa buku tano, narudishiwa uniti za watu wa huruma.

Mwenye Hati
Buku moja kwa mwezi inakuliza mtandaoni? Mwanaume mzima?

Karani Mkuu
Ilikuwa 1,000 mwaka 2021. Tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu kwa mwezi, 90,000 kwa mwaka.

Mpangaji Mkongwe
Asante Karani. Mwenye Hati, bei yenyewe huijui kwa sababu hujawahi kuilipa. Umejianika mwenyewe.

Mwenye Hati
Nina nyumba zaidi ya moja, siwezi kukariri kila senti. Na serikali ilishasema, mpangaji akikatwa amalizane na mwenye nyumba kwenye pango. Mbona rahisi? Kama hutaki, jenga yako.

Binti Stendi
"Amalizane na mwenye nyumba." Umewahi kwenda kwa baba mwenye nyumba kumdai elfu moja mia tano? Mimi nikiomba tu abadilishe kitasa cha mlango nasikia habari za mtoto wake anayerudi kutoka masomoni na anahitaji chumba.

Mama Vyumba Sita
Naomba na mimi nisemee upande wetu maana tunachorwa kama majambazi. Nina nyumba ya vyumba sita, mita moja. Makato yanamwangukia atakayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza. Wapangaji wangu wameshagundua. Ikifika tarehe moja hakuna anayenunua! Kila mtu anamvizia mwenzake. Nyumba nzima giza, wa friji anakwenda kuhifadhi nyama kwa jirani, wa saluni anajifanya amesafiri, watoto wanasomea taa ya simu. Siku ya tatu yule mwalimu wa chumba cha nyuma anashindwa kuvumilia ndio ananunua, na wengine taa zikiwaka wanapiga makofi. Nikisema nimlipie mwalimu, wa saluni anasema basi na yeye arudishiwe ya mwaka jana. Mnataka nifanyeje?

Bodaboda Mstaarabu
Mwalimu apewe nishani.

Mpangaji Mkongwe
Mama yangu, kwa heshima, dawa ni wewe mwenyewe ununue umeme wa kwanza kila mwezi. Elfu moja mia tano gawa kwa vyumba sita haifiki hata nauli ya daladala. Nyumba ni yako. Kodi inaitwa ya majengo, mimi sina jengo, nina godoro na jiko la gesi.

Mama Vyumba Sita
Mwanangu, nikinunua mimi wa kwanza, ule umeme uliobaki nani anautumia? Wao. Halafu tarehe mbili wa saluni anawasha madrayer yote mawili.

Mwenye Hati
Mama umeongea. Mpangaji ukimpa kidole anataka mkono.

Mama Vyumba Sita
Wewe usinitumie mimi kwenye ugomvi wako. Sijasema wapangaji ni wabaya. Nimesema mfumo umenigombanisha na watu ninaokula nao.

Mfuatiliaji wa CAG
Nimesoma yote toka juu. Watu wa kuishia njiani mmeng'ang'ania LUKU kwa sababu hesabu yake ni ndogo inawaenea kichwani. Swali la mleta mada ni la madaraka. Hata mkirudisha barabara na kodi ya majengo, mkurugenzi wa manispaa anateuliwa na Rais. Madiwani hawamwajiri wala hawamfukuzi. Meya anachaguliwa na madiwani lakini mwenye sahihi ya fedha ni mkurugenzi. Sasa huyo "mtu mmoja wa kuzomewa" ni nani? Mkimzomea meya, hana kalamu. Mkimzomea mkurugenzi, kesho kahamishiwa wilaya nyingine. Mnahamisha fedha kutoka mfuko wa mtu msiyemchagua kwenda mfuko wa mtu mwingine msiyemchagua.

Halafu kumbukeni mikopo ya asilimia kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ile ilikuwa mikononi mwa halmashauri moja kwa moja, kutoka mapato yao ya ndani. Vikundi hewa vikaota mpaka serikali ikasimamisha 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mwingine, baadhi ya halmashauri kupitia benki. Mnataka kuwaongezea na barabara?

Mpangaji Mkongwe
"Inawaenea kichwani"? Kiongozi, wewe uliyesoma umewahi kuishi nyumba yenye mita moja na saluni? Usitudharau. Elfu kumi na nane kwako ni hesabu ndogo, kwangu ni madaftari ya watoto.

Binti Stendi
Na kuhusu vikundi hewa usitie watu wote kapu moja. Sisi kikundi chetu kilikuwa na watu wa kweli, tunafahamiana mpaka majina ya wakwe. Tulijaza fomu, tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii, tukasubiri, ikasimamishwa. Walioiba ni wengine, tuliofungiwa ni sisi. Ndivyo ilivyo hata kwa machinga. Desemba 2018 kitambulisho elfu ishirini, tukaambiwa mkiwa nacho hakuna wa kuwagusa. 2021 tukaambiwa tupishe barabara twende maeneo tuliyopangiwa. Kitambulisho ninacho mpaka leo, nakitumia kukwangulia vocha.

Mkaazi wa Kata (mleta mada)
Jamani, barabara. Mada ni barabara na kodi. Mfuatiliaji kauliza swali zito kuhusu mkurugenzi, hakuna aliyemjibu. Mimi naona hata kama kateuliwa, akiwa na barabara mkononi baraza linaweza kumbana kila robo mwaka. Meneja wa TARURA akija kwenye baraza anakuja kama mgeni, anasoma taarifa yake, anakunywa maji, anaondoka.

Mstaafu wa Halmashauri
Nani alikudanganya baraza linambana mkurugenzi? Mimi nimekaa nyuma ya vikao hivyo nikigawa makabrasha. Makabrasha yenyewe diwani anakabidhiwa muda umekwisha, anafungulia ukumbini, anatafuta ukurasa wa posho. Nasema hivyo bila kumtaja mtu, kabla yule binti hajaniuliza tena nilikula nini.

Binti Stendi
Sijauliza mzee. Ila sasa umenikumbusha.

Mwenye Hati
Mimi barabara ya kwangu niliimwagia kifusi mwenyewe. Wapangaji wanapita bure.

Mpangaji Mkongwe
Bure? Pango nakulipa miezi sita kwa mkupuo, unataka na tozo ya kukanyaga?

Mwenye Hati
Hunilipi mimi, mimi mpangaji wa aina yako simchukui.

Bodaboda Mstaarabu
Hiyo barabara ya kifusi naifahamu. Mvua ya kwanza tu kifusi chote kilihamia kwa majirani. Abiria wangu aliteremka akavuka kwa mguu.

Karani Mkuu
Mkaazi, nikujibu kabla hawajaanza tena. Mimi naona wazigawe. Barabara zibaki TARURA, kwa sababu wahandisi na mitambo ukivitawanya kila halmashauri tunarudi kwenye greda la mzee. Kodi ya majengo ibaki kukusanywa kwa LUKU kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko kutuma watu nyumba kwa nyumba. Lakini ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila mtaa: mtaa huu umekatwa kiasi hiki, kimerudi kiasi hiki, kimefanya kitu hiki. Leo hakuna anayejua mtaa wake unalipa ngapi, hata diwani. Mambo ya nani awe na sahihi tuyagombanie baadaye.

Na Mama Vyumba Sita, kama una mwanya wa kuweka mita zaidi, usiogope kukatwa mara sita. Jengo moja lenye mita kadhaa linapaswa kukatwa kwenye mita moja tu. Unapeleka taarifa, wanaziunganisha.

Mama Vyumba Sita
Ubarikiwe mwanangu. Na mimi nimeshapita sitini, nasikia kuna msamaha?

Karani Mkuu
Mwenye nyumba wa miaka 60 na kuendelea anasamehewa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Ila yako ina wapangaji, hapo watakuuliza maswali.

Mpangaji Mkongwe
Ngoja kwanza. Mita zikiwa kadhaa, inakatwa kwenye mita ipi?

Karani Mkuu
Atakayoichagua mwenye nyumba.

Mpangaji Mkongwe
Basi mimi nishajua atachagua ipi.

Mama Vyumba Sita
Ya saluni.