Tiba mtandao kwa jamii za Waaborijini wa Australia: ni nini kinachomsaidia mgonjwa kweli?

Muuguzi_Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni muuguzi kutoka Tanga, na kwa sasa ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii mjini Adelaide. Nimepewa kazi ya kuandika kuhusu teknolojia za kidijitali katika huduma za afya za Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, hasa wale wanaoishi katika vijiji vya mbali vya jangwani na vya pwani ya kaskazini. Taarifa nyingi nilizosoma huanza kwa hoja ileile: umbali ni mkubwa, madaktari bingwa ni wachache, kwa hiyo skrini itawaleta karibu. Hoja hiyo naielewa, lakini haijaniridhisha. Kwa makadirio ya miaka ya 2020 hadi 2022, mwanamume wa jamii za Waaborijini na wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait alitarajiwa kuishi miaka 71.9, yaani pungufu ya miaka 8.8 akilinganishwa na wanaume wengine wa Australia, na mwanamke miaka 75.6, pungufu ya miaka 8.1. Nchi hii haijakosa kompyuta wala simu janja kwa miaka mingi sasa, na bado pengo hilo lipo.

Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie. Ni chombo gani mmekiona kikimsaidia mgonjwa, ni kipi kiliishia kufungiwa kabatini, na tofauti yao ilikuwa nini?

Mzee_wa_Zamu alijibu:

Dada, hongera kwa masomo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mitano katika zahanati za vijiji vilivyo magharibi mwa Alice Springs, mji ulio katikati ya Australia, na nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu limenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria.

Bibi mmoja mwenye kisukari, ambaye figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka, aliketishwa mbele ya skrini ili aonane na daktari bingwa aliyekuwa mjini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale. Daktari alimwuliza kwa Kiingereza cha haraka kama anakunywa dawa zake kila siku bila kukosa, naye akajibu ndiyo. Akaulizwa kama kuna siku ambazo huziacha, akajibu ndiyo. Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliandika kile alichokisikia kwanza, akaongeza kipimo cha dawa, na simu ikakaribia kukatwa. Ndipo mhudumu wa afya wa kijijini, binti ambaye kwa hesabu ya ukoo wao ni mjukuu wa yule bibi, aliomba dakika chache. Alivuta kiti, akakiweka ubavuni mwa bibi ili wote wawili waelekee dirishani badala ya kutazamana, akasema naye kwa Kipintupi, lugha yao. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha bibi akaeleza kwamba vidonge vya kupunguza maji mwilini huviacha kila anaposafiri kwenda misibani, kwa kuwa gari hujaa watu, njia ni ndefu, na mwanamke wa umri wake hawezi kuomba gari lisimamishwe kila nusu saa ili ajisitiri. Misiba mwaka ule ilikuwa mingi.

Tatizo halikuwa kipimo cha dawa. Skrini ileile na mtandao uleule vilikuwa vimetoa jibu la uongo, na dakika tano baadaye vikatoa jibu la kweli, kwa sababu aliyekaa kando ya mgonjwa alikuwa mtu wake. Sisi tuliokulia kwenye mfumo wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunalielewa jambo hili haraka. Kwa hiyo unapopima mradi wowote wa tiba mtandao huko, tazama kwanza bajeti yake: je, mshahara wa mhudumu mwenyeji umo, au fedha zote zimekwenda kwenye vishikwambi?

Naongeza neno kuhusu historia, kwa kuwa watu huzungumza kana kwamba tiba ya mbali ilizaliwa jana. Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa na John Flynn ilianza mwaka 1928 huko Cloncurry, katika jimbo la Queensland, na mwaka uliofuata redio za Alfred Traeger, ambazo umeme wake ulizalishwa kwa kukanyaga pedali, zilianza kutumika kumwita daktari na kupokea ushauri wake. Redio hizo ziliwekwa zaidi kwenye mashamba ya mifugo na kwenye misheni. Mwaborijini aliyeugua alimfikia daktari kupitia kwa mtu mwingine aliyeshika kifaa. Swali la nani anakishika kifaa ni la tangu siku hizo.

Masikio_na_Koo alijibu:

Nakubaliana na Mzee wa Zamu, na ninao mfano wa pale jambo hilo lilipopangwa vizuri tangu mwanzo.

Watoto wa Kiaborijini hupatwa na maambukizi ya sikio la kati kwa kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi duniani, na mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha mwaka baada ya mwaka hasikii mwalimu, kisha huitwa mtundu au mzito wa kuelewa. Huko Cherbourg, Queensland, iliundwa huduma ya gari lililogeuzwa kuwa chumba cha vipimo. Mhudumu wa afya wa jamii husika hulipeleka gari shuleni, hupima usikivu wa watoto, huingiza kamera ndogo sikioni na kupiga picha ya ngoma ya sikio. Picha na vipimo hutumwa kwa mtandao hadi Brisbane, ambako daktari bingwa huvitazama kwa wakati wake na kusema ni mtoto yupi anahitaji dawa, yupi upasuaji, na yupi hana neno.

Zingatia kwamba hapo hakuna haja ya mgonjwa na daktari kuwa hewani kwa wakati mmoja. Picha husubiri mtandao ukae sawa, daktari husubiri nafasi, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu video imekwama. Zana za namna hii hazina mvuto wa kupigiwa picha na wageni rasmi, lakini hufanya kazi. Vivyo hivyo daftari la kielektroniki la wagonjwa wa homa ya baridi yabisi na madhara yake kwenye moyo, ambalo Northern Territory, eneo la kaskazini mwa nchi, ililianza mwaka 1997: kijana anayehitaji sindano ya penisilini kila baada ya siku 28, kwa miaka mingi, anaweza kuhamia kwa shangazi yake kijiji kingine, na zahanati ya huko ikaona tarehe yake ya sindano.

Fundi_Setilaiti alijibu:

Nichangie upande wa mitambo kwa ufupi. Vijiji vingi vya mbali hutegemea setilaiti za Sky Muster, zilizorushwa mwaka 2015 na 2016, ambazo zimesimama kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda hadi huko na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, zaidi ya nusu sekunde imepita. Sasa liunganishe hilo na alichokisema Mzee wa Zamu kuhusu kimya. Kwa wazee wengi wa Kiaborijini, kunyamaza kabla ya kujibu ni adabu na ni kufikiri. Daktari aliye mjini anaona mgonjwa kimya, anadhani hakusikia, anarusha swali jingine, na maneno yanagongana njiani. Baada ya mara mbili tatu mgonjwa huacha kusema. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, kabla ya kufunga mtambo, namwomba msimamizi wa zahanati awaeleze madaktari wasubiri.

Halafu kuna suala la bando. Wengi huko hutumia malipo ya kabla, na simu moja huzunguka nyumba nzima. Mkataba wa kitaifa wa mwaka 2020 kati ya serikali na mashirika ya Waaborijini uliweka lengo la usawa wa matumizi ya mtandao ifikapo 2026. Programu inayokula bando la familia ili kumkumbusha mtu kunywa maji haitadumu wiki mbili.

Muuguzi_Tanga aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Hilo la simu ya pamoja limenishtua, kwa sababu rasimu yangu ilipendekeza kutuma majibu ya vipimo kwa ujumbe mfupi. Je, kuna njia salama ya kufanya hivyo? Na kwa nini wengine hukataa kabisa taarifa zao kuingizwa kwenye mfumo wa taifa?

Mtunza_Kumbukumbu alijibu:

Dada, usitume majibu. Tuma wito tu: "Tafadhali fika zahanati," bila kutaja kipimo wala ugonjwa. Katika sehemu niliyofanyia kazi, ujumbe kuhusu kipimo cha ugonjwa wa zinaa ulisomwa na kaka wa msichana aliyepimwa. Kwa mila zao, kaka na dada watu wazima hukaa kwa kuepukana kwa heshima, na jambo kama hilo halitajwi kati yao hata kidogo. Msichana yule hakurudi zahanati kwa miezi mingi, na kosa lilikuwa letu.

Kuhusu mfumo wa taifa, uitwao My Health Record, ulifika wakati ambapo kila mtu aliandikishwa isipokuwa yule aliyeomba kuondolewa kabla ya tarehe 31 Januari 2019. Faida yake ni ya kweli kwa watu wanaosafiri sana. Lakini kumbuka wanaoombwa kuuamini ni akina nani. Hadi kura ya maoni ya mwaka 1967, katiba iliagiza Waaborijini wasijumuishwe katika hesabu ya watu wa nchi. Kwa miongo mingi ya karne ya ishirini watoto waliondolewa mikononi mwa wazazi wao kwa amri za serikali, na maofisa waliofanya hivyo walikuwa na majalada, orodha na madaftari. Serikali iliomba radhi rasmi bungeni mwaka 2008, na maelfu ya waliochukuliwa bado wako hai. Bibi anayeuliza "nani mwingine atayasoma haya?" ana haki ya kujibiwa kikamilifu, tena kwa lugha yake.

Ndiyo maana kundi la Maiam nayri Wingara limekuwa likidai, hasa tangu mkutano wa Canberra wa mwaka 2018, kwamba taarifa zinazowahusu Waaborijini ziamuliwe na Waaborijini wenyewe. Jambo hilo si nadharia tupu, kwa kuwa vyombo vya kulisimamia vipo: zahanati ya kwanza inayoendeshwa na jamii ilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971, na leo zipo zaidi ya mia moja nchini kote, nyingi zikiwa na mifumo yao ya kumbukumbu na bodi zinazochaguliwa na wanajamii. Anzia kwao. Nenda ukaulize wanachokitaka kabla hujaandika pendekezo lolote.

Mzee_wa_Zamu aliongeza:

Na wanachokitaka huenda kisiwe programu ya simu. Watu wa Kintore na Kiwirrkurra, vijiji vya jangwani, walipochoka kuona wagonjwa wao wa figo wakihamishiwa Alice Springs na kufia ugenini, walichora picha, zikapigwa mnada Sydney mwezi Novemba 2000, na zaidi ya dola milioni moja zikapatikana. Mwaka 2004 mashine ya kusafisha damu ilianza kazi Kintore kwenyewe, kilomita zaidi ya 500 kutoka mjini. Hiyo nayo ni teknolojia, na wao ndio walioichagua.

Jambo la mwisho, dada, kwa ajili ya rasimu yako: kama utapendekeza video za elimu ya afya zenye sura na sauti za wanakijiji, andika tangu mwanzo ni nani atakayeziondoa mmoja wao akifariki. Katika jamii nyingi huko jina la marehemu halitamkwi na sura yake haionyeshwi hadi familia iruhusu. Pale kwetu video moja iliendelea kujirudia kwenye runinga ya chumba cha kusubiri siku tatu baada ya msiba, kwa sababu aliyejua nywila alikuwa likizoni, na wafiwa walikuwa wakisubiri dawa zao nje, juani.