Mgeni akikwambia "we got off on the wrong foot", ana maana gani?

Swali: Habari wadau. Niko mapokezi kwenye hoteli moja ya Paje. Jana mgeni Mwingereza alifika usiku, chumba bado hakijafanyiwa usafi, tukajibizana pale kaunta mbele za watu. Leo asubuhi kanijia taratibu: "I think we got off on the wrong foot." Kanilaumu au kaniomba radhi? Imenikaa moyoni.

Jibu: Dada, huyo anataka suluhu. Maana yake mmeanza vibaya, tuyaache. Angalia kasema "we": kosa kaligawa kwenu wote wawili. Radhi kamili angesema "I'm sorry". Mjibu "let's start again", yatosha.

Jibu: Naongeza. Msemo huu ni wa mwanzo tu, watu ndiyo kwanza wanakutana au wanaanza kazi. Mkigombana na rafiki wa miaka 10, hauingii. Usiuchanganye na "got up on the wrong side of the bed", huyo kaamka na kisirani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Namfuata sasa hivi, kile chumba cha upande wa baharini kimepata nafasi.