Mapambano ya porini yananiboa, nyie mnafanyaje?

Wakuu, naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons. Wachezaji wangu wakivuka msitu narusha dadu kuona wanakutana na nini, wanatokea mbwa mwitu, tunapigana, basi. Nusu ya sesheni imeisha na stori haijasogea. Niache kabisa?

dadu_sita: Usiache mkuu. Kabla ya vita rusha dadu mbili za pande 6 uone hao viumbe wana mudi gani, 2 wanashambulia palepale, 12 ni marafiki, katikati wanasitasita na hapo ndo stori inaanzia, labda majitu yamepotea njia yanauliza.

mchawi_mvivu: Halafu si lazima wakutane uso kwa uso, waone nyayo tu au moshi kwa mbali, waamue wenyewe.

muulizaji: na wachezaji wakikimbia je?

dadu_sita: Waache wakimbie, wakitupa chakula wanyama wanaweza kusimama kula. Sheria ya kizamani hiyo, naipenda kinoma.