Darasa la tatu wanaimba Kiingereza vizuri, kuongea hawawezi. Niache nyimbo au niendelee?

Ticha wa Chamwino
Habari wakuu. Nafundisha Kiingereza darasa la tatu, shule ya serikali huku Chamwino, Dodoma. Watoto 84, vitabu havifiki 20. Nyumbani wengi ni Kigogo tu, kwa hiyo Kiingereza kwao ni lugha ya tatu.

Muhula uliopita nilinunua kispika cha memori kadi pale Majengo, nikawa nawapigia nyimbo za Kimarekani hizi zinazosikika kwenye bajaji. Raha tupu, hata watoro walirudi. Kiitikio wanakishika kabla sijakiandika ubaoni. Nikiuliza maana, kimya. Nikasema haya, andikeni mstari mmoja tu. Daftari la kwanza kufungua: "ai wona go hom".

Mwingine, mtundu lakini ana akili, akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbona kwenye wimbo wanasema she don't na wewe ulisema she doesn't?" Nikajifanya natafuta chaki.

Juzi mzazi kaja ofisini kulalamika kwamba nawafundisha watoto disko. Nipeni ushauri.

Zabibu Kavu
Mbukwa mwalimu! Usiache. Huyo wa she don't mpe zawadi, maana amesikiliza. Mjibu kwa Kiswahili chake mwenyewe: kwenye bongofleva si wanaimba "nishakuambiaga"? Mbona kwenye insha haandiki hivyo? Ataelewa palepale kwamba kuna lugha ya wimbo na lugha ya daftari. Wanna na gonna ni hivyohivyo.

Kosa lako ni kupiga wimbo mzima. Chukua sentensi moja, itoe kwenye wimbo, uitumie wiki nzima bila spika. Kama ni "I want to go home", kila mtoto abadilishe mwisho: to the market, to the river. Akishabadilisha neno mwenyewe, hapo sentensi ni yake.

Mpimaji
Mimi napingana nanyi. Mwakani hao wana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na karatasi haiimbwi. Halafu wimbo unafuata mapigo ya ngoma. Neno linavutwa pasipostahili, mtoto anabaki na mkazo wa ajabu maisha yote. Dakika zenyewe za kipindi zinahesabika, nusu unahangaika na chaji.

Ticha wa Chamwino
@Mpimaji la chaji umenipata, mkuu. Shuleni umeme ukikatika siku mbili kispika ni pambo.

Mama Nyemo
Mwanangu, nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, Mvumi na Kongwa. Spika ya nini kwa watoto wa Kigogo? Hapa ndipo alipotoka Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, watoto wanazaliwa wanasikia kuimba kwa kupokezana. Chukua tuni wanayoijua ya kwao, wewe weka maneno. Mimi niliweka hivi: upande mmoja unauliza "Where are you going?", wengine wanaitikia "I am going to the well", na ndoo kichwani, ya kuigiza. Siku ya pili mmoja akaitikia "to the shop", darasa zima likacheka. Kicheko kile ndicho kilichonionyesha wameelewa.

Na sikiliza matamshi. Wetu huku wengi wanasema "samanini", basi na thank you inakuwa "sank you". Rekebisha kwanza themanini kwa Kiswahili, ulimi ukae kwenye meno, ndipo uende kwenye thank you. Sauti ni ileile.

Huyo mzazi mwite aje asikilize kipindi kimoja. Ila nyimbo za redioni, ukizipiga, sikiliza mpaka mwisho kwanza. Nyingine beti la pili ni pombe na chumbani, mzazi ana haki yake.

Mpimaji
Hiyo ya kisimani nimeikubali, mama. Ila ikiisha waandike.

Ticha wa Chamwino
Shikamoo mama, asante sana. Jumatatu naanza na where are you going, mzazi nishamtumia salamu. Beti la pili la ule wimbo wangu nimelisikiliza usiku huu. Nimelifuta. Kwenye kadi zimebaki kaswida za mke wangu na nyimbo za harusi ya shemeji.