Ushauri: ufito wa fida kwa mto mdogo, futi ngapi?

Ndoana_Butu: Wakuu, habari za leo. Niko England, na karibu nami kuna mto mwembamba, upana haufiki mita 10, miti imeuinamia pande zote. Nataka kuvua samaki aina ya chabu na rochi kwa fida, kile kikapu kidogo cha chambo kinachozama na mshipi. Dukani wananisukumia ufito wa futi 13. Nichukue?

Mzee wa Kingo: Acha, mkuu. Futi 13 ni za mto mpana, unakorusha mbali na kutaka mshipi ukae juu ya mkondo. Hapo kwako utapigana na matawi tu. Futi 9 au 10 zinakutosha. Ila usikazanie urefu, kazania zile ncha za ufito za kubadilisha, ambazo ulaini wake hupimwa kwa aunsi: aunsi chache, ncha laini. Rochi anadonoa kwa adabu: ncha ya aunsi 1 itakuonyesha, ya aunsi 3 itatulia tuli huku funza wako wanaliwa.

Ndoana_Butu: Na mkondo ukiwa mkali, ncha laini si itapinda yenyewe?

Mzee wa Kingo: Itapinda, na ndivyo tunavyotaka, mradi isifike mwisho. Ukisharusha, legeza mshipi kidogo ujikunje majini. Fida iwe na uzito wa kushika chini kwa taabu tu. Jaribu gramu 15 au 20 kwanza, mkondo ukiisukuma ongeza. Chabu akivuta, fida inang'oka na ncha inanyooka ghafla. Hapo ndipo pa kuinua ufito! Wengi wanangoja ncha ivutwe mbele, samaki keshaondoka.

Dada Mvuvi: Kama kuna babeli humo (ukoo mmoja na kuyu), ushauri wa Mzee unabadilika. Kwa rochi mshipi wenye nguvu ya ratili 4 unatosha. Babeli anataka ratili 8 hadi 10 na ufito wenye mgongo, yaani mgumu usiopinda ovyo, la sivyo ataingia kwenye mizizi na ndoana yako mdomoni.

Kimyakimya: Leseni unayo? Wanakagua. Na mito ya England hufungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni kwa samaki hao, kwa hiyo ukinunua Aprili utakuwa unarushia sebuleni 😂

Ndoana_Butu: Leseni ninayo. Basi futi 10, ncha za aunsi 1 na 2. Dada Mvuvi, babeli nasikia wapo chini ya daraja. Huo ufito wenye mgongo, je, unaweza kuvulia rochi pia, au ndiyo ninunue mbili?

Dada Mvuvi: Mbili. Pole kwa mfuko.