Tupeane uzoefu: kupunguza maji ya choo cha kuflashi bila kung'oa choo

Wakuu, vyoo vingi vya zamani vina tangi la lita 9 au zaidi. Nyumba ya watu 5, kila mtu akiflashi mara 5, ni lita 225 kwa siku, ndoo 11 na ushee. Tupeane mbinu.

Fundi bomba: Anza na uvujaji. Koroga bluu ya nguo ndani ya tangi, msiflashi kwa dakika 30. Rangi ikitokea bakulini, mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kutokea maji, haukai sawasawa. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, mpira mara nyingi ni mzima, ila kitako chake, pale unapokalia, kimeota ukoko mweupe. Ulainishe kwa siki na kitambaa. Usikwangue kwa kisu, maana mkwaruzo mmoja tu, maji yatapita hapo siku zote.

Mama Kaya: Chupa ya lita moja na nusu, iliyojaa maji na mchanga kidogo, iwekwe mbali na boya. Tofali hapana! Linamomonyoka, na chenga zake zinakwama chini ya mpira. Chupa moja yatosha. Bakuli la zamani likipata maji kidogo mno halisukumi uchafu, mtaflashi mara mbili.

Mkuu wa spana: Ukitaka kuweka valvu ya batani mbili (moja ya nusu flashi, nyingine ya flashi kamili), kabla ya kununua pima tundu la kutokea maji na kimo cha tangi hadi mfuniko. Funga koki, flashi, kausha kwa sponji, fungua boliti zinazoshika tangi na bakuli. Badilisha pia ule mpira mnene wa kati ya tangi na bakuli. Ukishakandamizwa miaka haurudi. Kukaza ni kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa mkono, kisha robo mzunguko wa spana. Ukikaza upande mmoja kauri inapasuka. Halafu valvu haijipimii: kwenye tangi la lita 9 sogeza kipimo chake, jaribu kwa karatasi hadi nusu flashi isafishe kwa lita 3 au 4.

Fundi bomba: Nyongeza. Tangi la mkono lenye sifoni (bomba lililopinda linalonyonya maji kutoka tangini) halina mpira wa chini. Ukilazimika kuvuta mara tatu, nailoni ya ndani ya sifoni imechanika. Badilisha hiyo nailoni tu, si choo.