Mdogo wangu alitibiwa sonona, sasa halali wala hachoki

BintiPangani:
Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 24. Mwezi Januari alianza kujifungia chumbani, chakula kikamshinda, akawa analia bila sababu anayoweza kuieleza, na hata kazi ya ushonaji aliyoipenda akaiacha. Hospitali walituambia ni sonona, akapewa fluoksetini. Baada ya wiki 3 alichangamka tukamshukuru Mungu, lakini mchangamko huo umepita kiasi: leo ni siku ya 9 analala kwa muda wa saa 2 tu kila usiku na kuamka mwenye nguvu, anaongea bila kituo, ameuza cherehani zake ili anunue boti ilhali hajawahi kuvua, na akizuiwa anakuwa mkali. Mama anaamini ni jini, na ameshazungumza na mganga. Je, sonona yaweza kugeuka hivi, au dawa ndiyo iliyomharibu?

TabibuMstaafu:
Pole sana, mwanangu. Atakayethibitisha ni daktari atakayemwona, lakini unayoyaeleza yanafanana mno na mania, yaani upande wa pili wa ugonjwa wa baipola, ambao humshusha mtu kwenye sonona kwa majuma au miezi, kisha ukampandisha kama ulivyoona. Sonona hutambuliwa iwapo huzuni au kukosa hamu ya mambo kumedumu angalau wiki 2 pamoja na dalili nyingine, na mania iwapo hali imedumu siku 7, au muda wowote ule ikiwa imelazimu mgonjwa alazwe.

Ugumu uko hapa: akiwa chini mgonjwa huja kutafuta tiba, ila akiwa juu hujiona mzima kuliko sisi sote, hivyo daktari huona nusu moja tu ya ugonjwa. Kwa mwenye baipola, dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha juu. Mrudisheni leo hii, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi, na mweleze daktari siku hizi 9 moja baada ya nyingine. Yeye ndiye atakayeamua kuhusu fluoksetini na kuanza dawa ya kumtuliza, kwa mfano olanzapini au haloperidoli, kabla ya kufikiria dawa ya muda mrefu. Fedha za cherehani zishikwe na mtu mwingine. Kuhusu Mama, msibishane naye. Dua haizuii dawa, ila mganga asiwacheleweshe.

Mvumilivu:
Dada yangu, mimi ninaishi na baipola na ninatumia lithiamu, dawa ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na ambayo hadi leo ni miongoni mwa tiba bora za ugonjwa huu. Akiandikiwa, zingatieni vipimo vya damu, kwa sababu kiwango cha kutibu hakiko mbali na kiwango cha kudhuru. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Mimi hutakiwa kuwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na figo pamoja na tezi ya shingo hupimwa pia. Kuharisha, jasho jingi la joto letu na dawa za maumivu kama diklofenaki hupandisha kiwango hicho. Akianza kutetemeka sana, kutapika au kuyumba, ni hospitali mara moja. Kabla ya Ramadhani azungumze na daktari wake kwanza; mimi nilifunga bila kuuliza, na siku ya 5 nilishindwa kutembea.

BintiPangani:
Nawashukuru sana, Mzee wangu na ndugu yangu. Amelazwa tangu jana jioni, na Mama ndiye aliyekaa naye usiku. Daktari alituuliza swali ambalo mara ya kwanza hatukuulizwa: je, amewahi kuwa hivi kabla? Nilijibu hapana. Mama akanirekebisha, akakumbusha kwamba alipokuwa kidato cha tano alikesha karibu wiki nzima akiandika madaftari manne, akiwaambia walimu kwamba atawafundisha wao, nasi tukajivunia kwamba mtoto anapenda masomo.